Baba Mkwe Hatajwi

Kasulu, 3 Agosti 2013

Dada Josepha,

Shikamoo. Msalimie Mama, umwambie nimempigia makofi ya heshima hapa nilipo ingawa hanisikii. Shemeji na watoto pia wasalimie.

Nimeacha kuuza vocha. Sasa mimi ni msemaji wa Bwana Felisiani, yule mwenye mashine za kukoboa hapa mjini. Mwaka 2015 anautaka ubunge, na ameanza mapema kwa sababu anayewahi ndiye anayekula. Kazi yangu ni kipaza sauti. Gari linakwenda polepole, spika mbili juu, mimi nimekaa mbele na dereva, naita watu. Sauti hii mliyosema inafukuza kuku, leo inajaza viwanja.

Na hoja tunayo. Nawauliza, nani anaiba ng'ombe wenu? Nani anateka mabasi porini? Nani analima kwa ujira wa sahani ya maharage mpaka kijana wa hapa hapati kibarua? Wote wanaitikia: wageni. Nikiona mtu anataka kubisha namalizia na kauli yangu mwenyewe niliyoitunga: anayemtetea mgeni ni mgeni mwenzake. Hapo hata mbishi anapiga makofi. Bwana Felisiani anasema maneno hayo peke yake yana kura nyingi kuliko barabara ya lami.

Usinipigie simu kwa mambo ya nyumbani. Simu yangu inakaa na vijana wa ofisini, wanapokea wao. Andika, mpe kondakta wa basi la Kibondo, ananijua.

Mdogo wako anayepanda,
Laurent

*

Kitahana, 18 Agosti 2013

Mdogo wangu Laurent,

Marahaba. Mama amefurahi kwamba una kazi ya kukaa. Nilipomsomea habari ya wageni aliuliza, wageni gani? Nikamwambia Warundi. Akauliza tena, wale wanaokuja kutulimia maharage kila mwaka na kula hapa jikoni? Nikaendelea kusoma.

Sikatai kwamba kuna ujambazi. Mimi mwenyewe nimeshashushwa kwenye basi nikaachwa na kanga moja, unakumbuka. Lakini mwizi ana jina lake, mkamateni mwizi. Sisi na hao watu lugha ni moja ukifumba macho, ugali ni mmoja, hata matusi ni yale yale. Mtatutenganisha kwa kipi?

Huku hakuna jipya. Mama na Bibi Esteri bado wanagombea ule mpaka wa migomba. Juzi Esteri kahamisha jiwe usiku, asubuhi Mama kalirudisha, kisha wakatukanana mpaka mchana, kila mmoja kwake. Wazee wa kijiji wameshachoka nao. Mama anasema siku Esteri akifa yeye hatakwenda msibani, labda kwa mbali.

Kula vizuri. Na hiyo kauli yako ya kumtetea mgeni, mimi sijaipenda.

Dada yako,
Josepha

*

Kitahana, 12 Septemba 2013

Laurent,

Mama amechukuliwa. Naanza na hilo usije ukaanza na salamu ukadhani ni barua ya salamu.

Jana tuliitwa uwanjani, kijiji kizima. Kulikuwa na kamati ya kutambua wakazi, na mwenyekiti wake ni Obedi, uliyekaa naye dawati moja. Pembeni askari wa operesheni ya kuwaondoa wageni, hawatujui, wao wanasubiri kuambiwa. Mama aliitwa kwa sababu aliolewa kutoka Murungu, hapa hapa Kibondo, na ndugu zake wameisha. Alijibu kila kitu. Alizaliwa wapi, Baba alizikwa wapi, shamba ni la nani. Akatoa kadi ya kupigia kura. Wakasema kadi hata mgeni anainunua.

Kisha Obedi akamwambia, "Taja jina la baba mkwe wako."

Mama akanyamaza. Laurent, nani asiyejua kwamba mke hamtaji baba mkwe wake? Mimi wangu sijamtaja tangu niolewe. Hata mtu mwingine mwenye jina hilo namwita yule wa kule mtoni. Kumtaja ni kumvua nguo. Obedi akarudia, akarudia tena. Mama akasema, "Huyo simtaji."

"Humtaji au humjui?"

Mama akainamisha macho. Wakaandika kwamba hajui.

Nilisimama nikataka kulitaja mimi. Nikaambiwa nikae, mtoto hamshuhudii mama yake, na mtoto wa mgeni ashukuru ameolewa na mwenyeji. Nikawatazama watu. Mzee Leonidasi aliyecheza kwenye arusi ya Mama alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mmoja. Yale maneno ya gari lenu yameshafika huku, watoto wanayaimba wakichunga mbuzi, na kila mtu anaogopa kuwa mgeni mwenzake. Esteri hakuwepo. Alikataa kuja kwa sababu alisikia Mama atakuwepo.

Mnunuzi mmoja wa ng'ombe, ambaye hakuna anayejua katokea wapi, alitaja baba, babu, na babu wa babu bila kumeza mate. Kapita.

Sijui nifanye nini. Nimekaa na sufuria ya Mama mkononi tangu jana. Wewe una watu wakubwa. Mkimbilie huyo Bwana Felisiani leo hii hii.

Josepha

*

Kasulu, 13 Septemba 2013

Dada Josepha,

Shikamoo. Barua yako nyingine sijaipata, kondakta amebadilisha zamu, lakini siwezi kungoja kukupa hii.

Uliniuliza tutawatenganisha kwa kipi. Wakubwa nao walikwama hapo hapo. Tulikaa ofisini kwa Bwana Felisiani, kila mmoja anatoa wazo: wengine waangaliwe matamshi, wengine kovu la chanjo. Nikasema mimi: ulizeni ukoo. Mwanamume amtaje babu, mwanamke amtaje baba mkwe. Mgeni ukoo wa hapa atautoa wapi? Bwana Felisiani akanipa mkono mbele ya wote. Swali langu limepelekwa kwenye kamati za rafiki zake mpaka huko kwenu Kibondo. Mtoto wa Kitahana, dada.

Leo asubuhi malori mawili kutoka huko yamepita hapa sokoni yakielekea mpakani Manyovu. Umati uliziba njia, yakasimama. Nikapanda juu ya gari letu nikawaaga kwa kipaza sauti, nikawaambia waende wakawasalimie waliowaacha. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kulikuwa na mama mmoja kajitanda kitenge cha kijani, kainama, hainui uso kabisa. Nikamtania, nikasema, "Mama, inua uso utuage basi." Soko zima likapiga miluzi.

Mama yetu mwambie nitamletea sukari mwisho wa mwezi.

Laurent

*

Kasulu, 16 Septemba 2013

Dada,

Barua yako nimeipata leo. Nilianza kuisoma nimesimama, nimemaliza nimekaa chini pale stendi, watu wananipita na mizigo.

Mama alivaa kitenge cha rangi gani?

Nilikwenda kwa Bwana Felisiani mbio. Alifunga mlango, akanishika bega, akasema anaumia kama mimi, ila habari hii ikijulikana tumekwisha wote wawili. Akasema jioni ile nihutubie kama kawaida, usiku atapiga simu. Nikahutubia. Sijui nilisema nini. Nilisikia watu wakishangilia nikashtuka, nikadhani wananizomea.

Nimeishi na Mama tangu nizaliwe na sijawahi kumsikia akimtaja babu. Wala sikuwahi kuona kwamba sijamsikia. Sisi wanaume tunalitaja tu, linatutoka mdomoni kama jina la kijiji, hatujui kwamba wao wanalizunguka kila siku. Nilidhani nimetunga swali la wageni. Hata huko Burundi wanawake hawamtaji, nimeambiwa leo na mzee mmoja, akanicheka.

Nijibu hilo la kitenge. Usiponijibu nitajua.

Laurent

*

Kitahana, 21 Septemba 2013

Laurent,

Cha kijani.

Nilikuwa nimeamua nisikwambie, lakini jana alikuja Deborah, yule Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge, ambaye kila akifika huku Mama humpa uji. Siku ile alikuwa hapo sokoni Kasulu kwa kibali chake cha kutwa. Alimwona. Ameniambia hivi: "Nilimuona mama yako mu kamio. Alikuwa anasikia sauti ya mutoto wake mu haut-parleur, ile ya juu ya gari. Nikamuita, akanifanyia vile na mukono, nikae kimya. Hakulia, mama. Alijifunika tu."

Nimemuuliza Deborah kwa nini Mama hakumwita mwanawe. Akanitazama kama mtu asiye na akili. Akasema angekuita, watu wangejua wewe ni mtoto wa nani.

Sasa elewa. Alikuwa kwenye lori, kachokozwa na mwanawe mwenyewe mbele ya soko, na bado alikuwa anakulinda wewe usipoteze kazi. Tangu jana sili. Nimekupenda tangu nikubebe mgongoni na leo nakuchukia, na ninakwambia ujue.

Deborah ana karatasi zake za ukimbizi, jioni anarudi kwake analala. Mama aliyezaliwa Murungu analala chini ya turubai Manyovu, wanangoja gari la kuwavusha. Huyo bwana wako hajapiga simu yoyote. Hatapiga.

Nakwenda mwenyewe. Nimewagongea majirani mlango kwa mlango, kila mmoja ana mgonjwa ghafla. Aliyekubali kufuatana nami utashangaa ukimjua.

Josepha

*

Kasulu, 24 Septemba 2013

Dada,

Una haki. Sina la kujitetea.

Jana ulikuwa mkutano mkubwa wa Bwana Felisiani. Nilipopewa kipaza sauti niliwaambia watu kwamba yule mama wa kitenge cha kijani waliyemcheka ni mama yangu mzazi, wa Kitahana, na kwamba swali lililomkamata nililitunga mimi, na ni swali la kipumbavu, linakamata wenye adabu na kuwaacha waongo. Nilidhani watashtuka. Nikaona kweli kina mama wawili watatu wanatazamana, wameelewa.

Bwana Felisiani akanichukulia kipaza sauti mkononi, taratibu, anatabasamu. Akasema, "Ndugu zangu, mnaona sasa walipofika? Mpaka sauti yetu walishaishika."

Uwanja ulilipuka. Walioshangilia ni wale wale, kwa makofi yale yale niliyowafundisha. Mmoja alinivua kofia ya kampeni kichwani, mwingine akanitemea mate. Anifa, mchumba wangu, alikuwa mstari wa mbele. Aliondoka bila kunitazama.

Nimelala kwa fundi baiskeli. Leo nilitaka kuja Manyovu, lakini stendi wananitafuta. Dada, siamini mambo haya, naandika na bado siamini. Mpe Mama habari yoyote isipokuwa hii.

Laurent

*

Kitahana, 2 Oktoba 2013

Laurent,

Mama yuko nyumbani. Kaa chini nikueleze.

Aliyefuatana nami ni Bibi Esteri. Nilipita mbele ya nyumba yake nikilia, sikuwa na mpango wa kuingia kwake. Akauliza nani amekufa. Nilipomweleza alichukua fimbo yake akafunga mlango, na njia nzima kwenye basi alikuwa anamtukana Mama kwa kujiachia kubebwa.

Manyovu tulimkuta ofisa mmoja anaitwa Elisante, mtu wa Upareni, mpole, hajui mila za huku. Akasema mwanamke huyu ameshindwa kumtaja baba mkwe wake, yeye afanyeje? Nikaanza kueleza, akaniambia mimi ni mtoto, sisikilizwi. Ndipo Esteri akasogea.

"Mimi simpendi huyu mwanamke," akasema. "Nagombana naye mpaka wa shamba tangu mume wangu yuko hai. Umeshaona mtu anagombea mpaka na mpita njia?"

Ofisa akacheka kidogo, kisha akamuuliza yeye naye baba mkwe wake anaitwa nani. Esteri akaweka fimbo chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Nifunge na mimi," akasema, "maana wangu simtaji."

 Elisante akaingia chini ya turubai akaanza kuuliza wanawake mmoja mmoja, si jina, bali kwa nini hawalitaji. Alipotoka alikuwa amebadilika rangi. Kumbe wako wengi, Laurent. Mama aliachiwa siku ya tatu baada ya simu nyingi. Wengine walikuwa wameshavushwa kabla hatujafika, na Mama anasema mmoja wao alikuwa wa Busunzu, aliacha mtoto ananyonya. Usiku anaamka ananiuliza yule mtoto ananyonyeshwa na nani. Mimi nitajua wapi?

Hakukutaja njia nzima. Tulipopita Kasulu alijifunika uso.

Mzee Leonidasi kaja na mkungu wa ndizi. Mama ameupokea, akaupeleka zizini kwa mbuzi, mbele yake.

Josepha

*

Kasulu, 20 Oktoba 2013

Dada Josepha,

Shikamoo. Nilijiapiza nisiandike tena, na leo nimelazimika.

Wameniita mimi. Kamati ya mtaa, yenye vijana wa Bwana Felisiani. Walisema mama yangu alikamatwa kama mgeni na aliachiwa kwa huruma tu, kwa hiyo mimi uraia wangu una mashaka. Waliniuliza jina la babu yangu. Nikalitaja, na la baba yake, na la baba wa baba yake. Wakacheka. Wakasema mtunga swali hawezi kukosa jibu.

Nilionyesha cheti cha darasa la saba, wakasema mgeni naye husoma. Nilipotaka fundi baiskeli aniongelee, alisimama, akafungua mdomo, kisha akasikika mtu nyuma akiisema kauli yangu, ile ile ya kumtetea mgeni. Fundi akakaa. Simlaumu, ana watoto.

Wamenipa mpaka tarehe 30. Nilete mzazi asimame mbele ya mkutano aseme nimezaliwa wapi, au nipelekwe Manyovu pamoja na wengine. Baba hayupo. Amebaki mmoja.

Najua ninachoomba. Nimewahi kumwambia ainue uso mbele ya soko, leo ninamwomba aje auonyeshe uso huo huo mahali pale pale kwa ajili yangu. Akikataa ni haki yake, na nitapanda gari bila kumlaumu. Msomee barua hii. Au usimsomee, uamue wewe. Ninaogopa, dada.

Laurent

*

Kitahana, 25 Oktoba 2013

Laurent,

Anayesema ni mimi mama yako, Josepha anaandika tu. Nimemkataza kuongeza lake.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza niliondoka katikati nikaenda kuwapa mbuzi maji. Mara ya pili nimefika mwisho.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukaniona hapo ukadhani yameisha. Mimi nilizaa mtoto mwenye masikio, nikamlea kwenye nyumba yenye adabu, na mtoto huyo akachukua adabu yangu akaifanya mtego. Kila nikilifikiria nashindwa. Nilipokuwa juu ya lile lori nilisema moyoni labda ni mtu mwenye sauti inayofanana. Nilitaka sana awe mtu mwingine. Hilo tutaliongea hapa nyumbani, mimi na wewe, siku nyingi.

Lakini mtoto hakataliwi mbele za watu. Nitakuja. Esteri amesema anakuja pia, kwa sababu neno langu peke yangu wanaweza kulikataa, na lake hakuna aliyewahi kuliweza. Tumeahirisha ule mpaka mpaka turudi.

Wataniuliza tena lile swali, najua, ili wanione nikinyamaza wapate la kucheka. Nitanyamaza. Usidhani nitalitaja kwa ajili yako. Babu yako alinipokea kwenye nyumba hii nikiwa mtoto, akanipa jembe jipya, akaniita binti yake. Simvui nguo mbele ya Felisiani.

Wakiniuliza wewe ni nani, hilo nitalijibu kwa sauti. Wasipokubali, waniandike na mimi. Waturudishe wote wawili kwenye lori moja, nikae karibu yako. Manyovu ninapajua sasa, baridi ya usiku ni kali. Njoo na koti.

Mama yako,
Epifania